Tuusome Muswada Kabla Haujawa Sheria

Mbuzi wakiingia katika shamba la mihogo la mtu, kijiji kizima husikia. Mwenye shamba huenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenye mbuzi hujitetea. Siku ya mkutano mkuu wa kijiji jambo huletwa mbele ya watu, na hapo ndipo utakapoona jinsi wanakijiji wanavyojua kujadili sheria. Mmoja atasema faini iwe shilingi elfu tano kwa kila mbuzi. Mwingine atasimama: "Elfu tano? Na wakiwa mbuzi kumi?" Bibi mmoja atauliza kama mbuzi aliyekata kamba usiku ahesabiwe sawa na mbuzi aliyeachwa kwa makusudi. Jua litazama, na watu hawatatawanyika mpaka jambo limeeleweka.

Hivyo ndivyo sheria ndogo za kijiji zinavyopatikana. Halmashauri ya kijiji huziandaa, wanakijiji huzijadili, na halmashauri ya wilaya huzikubali ndipo zitumike.

Sasa, ndugu msomaji, nakuuliza. Ni lini wewe na jirani zako, hapa Chidya au kule Newala, mliketi mpaka jua likazama mkijadili sheria inayoweza kumfunga mtoto wenu miaka 30? Sheria hiyo ipo. Wabunge waliipigia kura, Rais akatia saini, nasi tukaja kuisikia siku kijana fulani alipopelekwa mahakamani. Kwa mbuzi tunajadili saa tatu. Kwa miaka 30 ya mtu hatusemi hata neno moja.

Mimi naona hali hii haifai. Naona kila muswada unaohusu makosa ya jinai ungepaswa kufika vijijini, kwa Kiswahili, kabla wabunge hawajasema "ndiyo". Tena naona kila mbunge angepaswa kutajwa kwa jina jinsi alivyopiga kura yake. Nitaeleza kwa nini.

Njia ya muswada

Makosa ya jinai ni yale ambayo mtu akiyafanya hushtakiwa na Jamhuri, na akionekana na hatia huadhibiwa: kuua, kuiba, kubaka, kujeruhi, kutoa rushwa na mengine mengi. Kosa la jinai haliundwi na polisi wala hakimu. Linaundwa na sheria. Na sheria za nchi hutungwa na Bunge.

Bunge hukutana Dodoma. Kutoka Masasi mpaka huko, kwa kupitia Lindi na Dar es Salaam, ni safari ya kiasi cha kilomita 1,000. Lakini muswada hauanzii Dodoma ukumbini. Huanzia katika ofisi za Serikali, ambako wanasheria huuandika. Muswada maana yake ni sheria ambayo haijawa sheria. Ni kama tofali bichi. Ukitaka kulibadili umbo, libadili sasa, kwa maana likishachomwa kazi yake ni kuvunja.

Muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kisha husomwa Bungeni mara ya kwanza. Siku hiyo hakuna mjadala. Husomwa jina lake tu. Baada ya hapo Spika huupeleka kwa kamati. Bunge lina kamati nyingi, na miswada ya jinai mara nyingi huenda kwa kamati inayoshughulikia Katiba na Sheria. Kamati ni kikundi kidogo cha wabunge. Wao husoma ibara moja baada ya nyingine, humhoji Waziri, humsikiliza Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na huweza kuwaita wananchi, vyama na wataalamu watoe maoni yao.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, ndugu yangu, nami napenda ukumbuke hatua hii kuliko zote. Wengi hufikiri sheria hutengenezwa siku ile wabunge wanapozozana redioni. Sivyo. Maneno mengi ya sheria hubadilishwa katika chumba cha kamati, watu wachache wakiwa na kalamu mkononi. Asiyefika kwa kamati, wala kuandika barua, amechelewa.

Kamati ikimaliza, muswada hurudi ukumbini kusomwa mara ya pili. Waziri hueleza. Kamati hutoa taarifa yake. Wabunge huchangia. Kisha Bunge zima hugeuka kuwa kamati, na ibara hupitiwa moja moja. Mbunge anayetaka kubadili neno huleta jedwali la marekebisho. Akishinda, neno hubadilika, akishindwa, hubaki. Mwisho muswada husomwa mara ya tatu na hupelekwa kwa Rais. Rais akitia saini, umekuwa sheria. Akikataa, huurudisha pamoja na sababu zake. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote, basi Rais hutia saini au huvunja Bunge. Hilo limo katika Katiba, ibara ya 97.

Neno moja tu

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua thamani ya neno moja. Sasa tazama maneno haya mawili: "kisichozidi" na "kisichopungua".

Sheria ikisema "kifungo kisichozidi miaka mitano", hakimu anaweza kumfunga mkosaji miaka mitano, au miwili, au miezi sita. Atatazama mtu mwenyewe. Je, ni kosa lake la kwanza? Alikiri? Alidanganywa na wakubwa? Sheria imemwekea hakimu dari, lakini ndani ya nyumba anaweza kutembea.

Sheria ikisema "kifungo kisichopungua miaka 30", hakimu hana pa kutembea. Huenda akamwonea mtu huruma, na huenda wazee wote wa kijiji wakaja kumwombea. Hawezi kushuka chini ya 30. Aliyekata hukumu hiyo si hakimu tena. Ni Bunge, siku walipolipitisha neno "kisichopungua".

Maneno haya yamo katika sheria zetu za kweli. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo ilibadili Kanuni ya Adhabu. Iliyemtilia saini ni mtu wa kwetu, Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, hapa hapa Masasi. Sheria ile iliweka adhabu ya kubaka kuwa kifungo kisichopungua miaka 30, na viboko. Kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka kumi, ni kifungo cha maisha.

Nataka nieleweke vizuri. Sheria ile ilihitajika. Akina mama wa nchi hii, pamoja na vyama vyao kama Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, yaani TAMWA, walipiga kelele kwa miaka. Kabla yake, kesi nyingi za namna hii ziliishia uani: wazee wa pande mbili wanakutana, mbuzi anatolewa au fedha, na mtoto aliyeumizwa anaambiwa anyamaze. Aliyemharibia maisha anapita barabarani akisalimia watu. Wabunge walifanya vema kusema basi.

Lakini tazama sheria hiyo hiyo kwa jicho la mzazi. Imesema kwamba kulala na msichana asiyefika miaka 18 ni kubaka, hata kama mwenyewe alikubali, isipokuwa pale wanapokuwa mume na mke kisheria. Tena imesema mvulana wa miaka 18 au chini yake, kama ni kosa lake la kwanza, atachapwa viboko tu. Tufanye hesabu. Tuseme msichana ana miaka 17, na kijana wake ana miaka 18. Adhabu ni viboko. Sasa tuseme kijana huyo ametimiza miaka 19 mwezi uliopita. Adhabu ni miaka 30. Atatoka gerezani akiwa na miaka 49. Na mzee wa miaka 50 aliyemkamata mtoto wa watu kwa nguvu njiani akitoka kisimani, naye sheria inaanza kumhesabia hapo hapo kwenye 30.

Je, makosa hayo mawili ni sawa? Mimi nasema si sawa. Wala sisemi kijana wa miaka 19 asiadhibiwe. Nasema tungeulizwa, tungesema. Bibi yule aliyeuliza habari za mbuzi aliyekata kamba na mbuzi aliyeachwa kwa makusudi angeuliza swali hilo hilo Dodoma, na pengine neno lingebadilika.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Mtoto akitoka jandoni au unyagoni, watu humwambia amekua. Sheria haihesabu hivyo. Sheria huhesabu miaka. Kijana anayeamini maneno ya ngariba kuliko cheti cha kuzaliwa anatembea karibu na shimo asiloliona, na hakuna aliyemwonyesha.

Lipo tena jambo la pili ambalo watunga sheria hulisahau. Adhabu ikiwa kubwa mno, mara nyingine humtisha shahidi kuliko mkosaji. Mama anajua aliyemharibia binti yake ni mpwa wa mumewe. Akifikiri miaka 30, ulimi unakuwa mzito. Ndugu wanamjia usiku: "Utamwua mtoto wetu." Basi kesi inakufa, na binti anarudi pale pale alipokuwa kabla ya 1998. Adhabu ya wastani yenye hakika ina nguvu kuliko adhabu kubwa inayokwepwa. Hayo ni maoni yangu. Mwenye maoni mengine ayaseme darasani, tutamsikiliza.

Sheria ndani ya furushi

Mwaka 2016 ilikuja miaka 30 nyingine. Safari hii ilikuwa katika Sheria ya Elimu ya 1978. Ilirekebishwa ili anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, afungwe miaka 30. Wanaosaidia ndoa ya namna hiyo nao wana adhabu yao. Maana yake, mjomba aliyepokea posa yumo, na aliyeshika mkoba wa mahari yumo.

Lengo ni zuri. Shule zetu zimepoteza wasichana wengi. Lakini je, ilikuja kwa jina gani? Haikuitwa Sheria ya Kuwalinda Wanafunzi. Ilikuja ndani ya muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Huo ni muswada unaofungasha marekebisho ya sheria nyingi katika karatasi moja. Ndani yake unaweza kukuta elimu, kodi, mahakama na mambo mengine yasiyojuana. Ni kama gunia la korosho lililochanganywa: juu utaona daraja la kwanza, chini hujui. Mbunge mwenyewe, akipewa furushi kama hilo, atasoma kipande kinachomhusu na vingine atavipita. Kifungo cha miaka 30 kinahitaji muswada wake peke yake, wenye jina lake, ili hata anayesikiliza redio shambani ajue ni nini kinachozungumzwa.

Tena kuna hati ya dharura. Kanuni za Bunge zinaruhusu Serikali kuleta muswada kwa haraka pale ambapo nchi ina jambo lisiloweza kusubiri. Vita ikizuka, hakuna anayetaka kungoja. Lakini Juni 2019 muswada mmoja uliogusa sheria zipatazo nane, zikiwemo sheria za takwimu, makampuni, filamu na mashirika yasiyo ya serikali, uliletwa kwa hati ya dharura na ukapita kabla ya wiki mbili kwisha. Katika muda huo barua ya kutoka kijijini ingekuwa bado iko njiani.

Watu walikamatwa kwanza

Wazee wanaukumbuka mwaka 1983. Dukani hapakuwa na sabuni, sukari wala kitenge. Kilichopatikana kilipatikana kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya kuumiza. Ndipo Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipoanzisha msako wa wahujumu uchumi. Magari yalipekuliwa, maghala yalifunguliwa, watu wakakamatwa. Wananchi wengi walishangilia, na kwa nini wasishangilie? Walikuwa wakifua nguo kwa majani ya mpapai.

Lakini sheria ya kuwashtakia watu wale ilikuwa wapi? Ilipitishwa na Bunge mwaka huo huo, msako ukiwa umekwisha anza, na ikarudishwa nyuma ili iwafikie waliokwisha kamatwa. Iliunda baraza maalum la kuhukumu. Mtuhumiwa hakuwa na dhamana. Hakuruhusiwa wakili. Akihukumiwa, hakuwa na mahakama ya kukatia rufaa.

Wabunge wale hawakuwa watu wabaya. Waliona shida ya watu wao, wakataka kuitibu upesi. Hilo ndilo linalonifanya niitaje habari hii. Sheria mbaya ya jinai mara nyingi hupita siku ambayo watu wote wana hasira ya haki, kwa sababu siku hiyo hakuna anayetaka kuuliza maswali. Atakayeuliza ataitwa rafiki wa wahujumu.

Haikudumu. Mwaka 1984 ilifutwa, ikaja sheria mpya ya uhujumu uchumi ambayo ilirudisha kesi hizo kwa majaji wa Mahakama Kuu, na rufaa ikawepo. Mwaka huo huo haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu. Leo ibara ya 13 inasema kwamba mtu asiadhibiwe kwa kitendo ambacho, alipokitenda, hakikuwa kosa kisheria. Inasema pia kwamba mshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Mtu aliyesoma habari za 1983 anayaelewa maneno hayo mawili bila kufundishwa.

Na tusidhani mambo haya ni ya wazee tu. Msimu wa korosho wa 2018, nani hakusikia habari za kangomba? Serikali ilichukua ununuzi wa korosho, askari wakaja na magari, na wanunuzi wa kangomba wakatafutwa vijiji vyote. Watu walikuwa wakiulizana chini ya mikorosho: hili ni kosa la sheria, au ni amri tu? Sheria gani? Kifungu gani? Ni maswali mazuri kabisa. Yangekuwa mazuri zaidi kama tungeyauliza siku sheria ya korosho ilipokuwa bado muswada.

Lugha ya sheria

Hapa nafika kwenye jambo ambalo mwanakisomo lazima limguse kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa miaka mingi miswada yetu iliandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walijadili kwa Kiswahili, lakini karatasi waliyoshika ilikuwa ya Kiingereza. Kiswahili kilikuwa mwishoni tu, katika kurasa chache zinazoitwa Madhumuni na Sababu. Basi mkulima wa Chidya aliyejitahidi jioni, baada ya jembe, mpaka akajua kusoma, alikuta sheria inayomhukumu iko katika lugha ambayo hakufundishwa. Lakini Kanuni ya Adhabu inasema kwamba kutojua sheria si utetezi. Huwezi kumwambia hakimu, "Mheshimiwa, sikujua." Ndugu, huko ni kumfunga mtu macho kisha kumpiga faini kwa kujikwaa.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili jambo hilo. Lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kutaka sheria zitafsiriwe. Nayahesabu kuwa moja ya mambo makubwa yaliyofanywa na Bunge letu, ingawa hayakupigiwa ngoma. Kisomo chetu kimepata kazi mpya. Zamani tulisoma namna ya kupanda mihogo kwa mistari na namna ya kupulizia salfa. Sasa tunaweza kusoma sheria.

Na tuna sababu ya kuisoma. Chukua simu uliyo nayo mfukoni. Tarehe 1 Aprili 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Rais Jakaya Kikwete alitia saini mwezi huo huo, na ikaanza kutumika Septemba. Kwa anayesambaza habari ambazo anajua ni za uongo, kwa nia ya kumkashifu, kumtisha au kumtukana mtu, sheria ile iliweka faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Tazama neno lile: "isiyopungua". Milioni tano ni gunia ngapi za korosho? Kijana anayetumiwa ujumbe wa kumkashifu mtu, anaojua ni wa uongo, naye akaupeleka kwa wenzake kumi, huku akicheka, hajui kwamba wabunge walikwisha mpimia.

Nani alisema ndiyo?

Kura ya Bunge kwa muswada wa kawaida hupigwa kwa sauti. Spika huuliza. Wanaokubali huitikia "Ndiyo!" Wanaokataa husema "Siyo!" Spika husikiliza upande wenye sauti kubwa, kisha hutangaza nani ameshinda. Basi. Sheria ya miaka 30 imepita, na katika kumbukumbu hakuna palipoandikwa kwamba mbunge wako alisema ndiyo, alisema siyo, au alikuwa nje akinywa chai.

Bajeti ya Serikali haipigiwi kura hivyo. Kila mwaka mwezi wa Juni wabunge huitwa kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja hujibu akisikika. Kama fedha zinastahili jina la mtu, je, miaka ya mtu gerezani haistahili? Mimi naona muswada wowote unaoweka kifungo kisichopungua miaka fulani upigiwe kura kwa majina. Utachukua muda, ndiyo. Wabunge ni zaidi ya 300. Lakini tunazungumza juu ya nusu ya maisha ya mwanadamu. Saa mbili si nyingi.

Wako watakaonijibu kwamba mbunge akijua atatajwa kwa jina, ataogopa chama chake au ataogopa watu, na atapiga kura kwa woga. Jibu hilo lina ukweli kidogo. Mbunge anaweza kuogopa kuonekana mpole kwa wabakaji, hata kama ibara iliyo mbele yake ni mbovu. Lakini hofu hiyo dawa yake ni wapiga kura wanaojua ibara inasema nini. Mbunge akijua kwamba watu wa jimbo lake wameusoma muswada, atakuwa na ujasiri wa kusema, "Wananchi wangu wanataka adhabu, lakini wanataka hakimu aachiwe nafasi."

Na hapa lazima tujilaumu sisi wenyewe pia. Mbunge akija kwetu tunamwuliza nini? Maji. Ni haki yetu: uwanda huu wa Makonde una kiu tangu enzi za mababu, na mama anayeshuka bondeni na ndoo hawezi kuanza na habari za ibara. Tunamwuliza barabara, zahanati, mabati ya shule, bei ya korosho. Yote ni kweli. Lakini maji yanaweza kuletwa pia na mkurugenzi, na mabati na diwani. Kutunga sheria hakuwezi kufanywa na mwingine yeyote ila yeye. Ni kazi aliyoajiriwa, na ndiyo tusiyomwuliza kamwe. Swali ni rahisi: "Ndugu mbunge, tangu ulipoondoka hapa, umesema ndiyo kwa sheria zipi, na kwa nini?"

Mukisikia redioni kwamba kuna muswada wa jinai umesomwa mara ya kwanza, msingoje. Mwalimu wa darasa au ofisa mtendaji wa kata aombwe kuutafuta. Vijana wenye simu wanaweza kuupata katika tovuti ya Bunge. Anzeni kuusoma mwisho, penye Madhumuni na Sababu, kwa kuwa hapo Serikali hueleza kwa maneno machache inataka nini. Kisha rudini mbele, mtafute neno "kifungo" na neno "faini", na mtazame linalofuata ni "kisichozidi" au "kisichopungua". Jadilini kama mnavyojadili mbuzi. Mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike mliyokubaliana na mliyotofautiana, yote mawili. Wekeni majina na sahihi zenu, maana sasa kila mmoja anajua kuandika jina lake. Nakala moja mpeni mbunge. Nyingine iende kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma, na iondoke Masasi wakati kamati bado inakaa.